Mistari Iliyobanana

Kila siku saa nane mchana, kengele ya shule ilipolia, Paskalina alifunga madaftari yake kwa kamba, akakatisha mitaa ya Kariakoo na kuingia Mchafukoge. Wenzake walikwenda kucheza. Yeye alikwenda kwenye kiwanda cha chapa cha Bwana Indravadan, ambako baba yake, Augustino, alikuwa mpanga herufi. Mlio wa mashine aliusikia tangu kona ya duka la vitambaa, na harufu ya wino ilimpokea mlangoni.

Kazi yake ilikuwa kurudisha herufi za madini ya risasi kwenye visanduku vyake baada ya kuchapwa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, lakini aliweza kusoma herufi zikiwa zimegeuzwa kinyume, kama zinavyokaa kabla ya kugusa karatasi, upesi kuliko wasichana wengine walivyosoma kitabu. Alilijua hilo, na alijisikia sana.

"Shikamoo, Bwana Uwesu," alisema kila alipoingia.

Uwesu hakuitikia. Huyu alikuwa mwendesha mashine, mtu wa Magomeni, mwenye mabega mapana na uso uliokunjamana wakati wote. Yeye na Augustino walikuwa hawasalimiani mwaka wa pili sasa, tangu siku kadi za harusi za watu zilipotoka zimepakaa wino na kila mmoja akamnyoshea mwenzake kidole. Kiwanda kilikuwa na watu watatu tu, akiwemo mwenyewe Bwana Indravadan, lakini chuki iliyokuwa mle ndani ingewatosha watu thelathini. Paskalina naye alijifunza kumchukia Uwesu, kwa kuwa baba yake alimchukia, na kwa kuwa kumchukia kulikuwa rahisi.

Jumatano moja Augustino aliamka na homa. Alijifunika blanketi gubigubi, akamwita binti yake kabla hajaenda shule.

"Ile karatasi ya darasa la watu wazima inatakiwa leo," alisema huku meno yakimgongana. "Mistari yote nimekwisha kuipanga, iko kwenye sinia. Kilichobaki ni vile vipande vya katikati. Weka kimoja kimoja kati ya kila mstari na mwenzake, kisha mpe Uwesu achape. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba."

"Ni mistari thelathini na sita. Usiruke hata mmoja."

Vipande alivyovisema vilikuwa vijibamba vyembamba vya risasi, virefu sawa na mstari mzima, lakini vifupi kwenda juu kuliko herufi. Kwa hiyo wino haukuvifikia, na kwenye karatasi havikuacha alama yoyote. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuusukuma mstari mmoja mbali kidogo na mwingine.

Karatasi yenyewe ilihusu afya ya nyumbani, nayo ilisubiriwa na mtu ambaye Paskalina alimjua vizuri sana. Mama yake, Selina, aliuza ndimu na pilipili sokoni Kariakoo, na tangu Ramadhani iliyopita alikuwa akienda kwenye darasa la Mwalimu Theopista kila Alhamisi. Alikwisha kusoma ubao. Alikwisha kusoma kitabu cha picha. Sasa, alisema, alitaka kusoma karatasi ya chapa, kama watu wanavyosoma.

Mchana ule Paskalina aliifungua kamba iliyobana mistari kwenye sinia, bamba la chuma la kupangia herufi, na kuanza. Aliingiza kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kilikwama, akakilazimisha, na herufi sita zikaruka na kumwagika sakafuni.

"Haya!" Uwesu alicheka vibaya. "Baba anaumwa, binti anamwaga. Ukoo mzima mafundi!"

Paskalina alipiga magoti akaokota, masikio yakimwaka moto. Halafu akaitazama saa ya ukutani. Saa tisa na nusu. Saa kumi palikuwa na mchezo wa rede dhidi ya wasichana wa Gerezani, na yeye ndiye aliyekuwa mkwepaji wao wa kutegemewa. Mistari thelathini na mitatu ilikuwa bado.

"Herufi zote zipo," alijisemea. "Maneno yote yapo. Hivi vipande havichapi chochote. Nani ataviona?"

Akavitoa hata vile vitatu alivyokwisha kuviweka, akaibana mistari pamoja, akaifunga kamba na kumpelekea Uwesu sinia.

Uwesu aliitazama. "Mbona chini pamebaki patupu hivi? Karibu robo ya karatasi."

"Baba ndivyo alivyotaka."

"Una hakika?"

"Wewe kazi yako si mashine?" Paskalina alimjibu. "Basi chapa."

Lilikuwa jibu la utovu wa adabu, na katika nyumba nyingi lingemletea bakora. Uwesu alimkazia macho kwa muda mrefu, akasonya, akajaza ule upande mtupu kwa vipande vya mbao na kuchapa karatasi mia tatu. Jioni Augustino alipouliza kama vipande vimewekwa, Paskalina alijibu, "Vyote, baba." Katika rede walikuwa wameshinda, na usiku ule alilala usingizi mzuri.

Alhamisi saa kumi na nusu Paskalina alimsindikiza mama yake darasani, kwenye ukumbi mdogo karibu na soko, akakaa dirishani. Mwalimu Theopista, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani, aligawa karatasi mpya. Wanafunzi walikuwa kama ishirini, wauzaji wa sokoni, wapagazi, mama wa nyumbani. Waliinamia karatasi zao na kimya kikaingia. Kilikuwa kimya kirefu mno.

"Selina," mwalimu aliita. "Anza pale penye mtoto."

Selina alisimama, akajiweka sawa kanga yake, akaweka kidole chini ya neno. Alisoma polepole, lakini alisoma: "Mwogeshe mtoto kwa maji ya uvuguvugu, mfute, kisha..." Hapo mstari ulikwisha. Kidole kilirudi kushoto kutafuta mstari unaofuata, kikapapasa katika ule msongamano wa herufi, na kikashuka mahali ambapo sipo. "...yachuje kwa kitambaa, uyatie mtungini na kufunika."

Darasa zima liliangua kicheko.

"Jamani, maji ya kuogea mtoto ndiyo ya kunywa!" alipaza sauti mpagazi mmoja aitwaye Eliakimu. "Kwa Selina mimi sinywi tena maji!"

Mstari mzima ulikuwa umerukwa, ule wa kumvalisha mtoto nguo na kuchemsha maji. Selina aliutafuta asiuone. Alijaribu tena akasoma mstari wa kwanza mara mbili. Watu walizidi kucheka, ingawa wenyewe, mmoja baada ya mwingine, walipoambiwa wasome, walipotea vile vile na kukasirika. Eliakimu aliikunja karatasi yake akaitupa. Selina hakusubiri mwisho. Alitoka akiwa ameuma mdomo, akamwacha binti yake amfuate nyuma.

Kesho yake Paskalina alipopita sokoni, alimkuta mama yake anafungia watu pilipili kwa ile karatasi, akiichana vipande vipande.

"Mama, unaichana?"

"Niifanyie nini?" Selina alijibu bila kumtazama. "Macho yangu mabovu, na kichwa changu kizito. Kusoma kuna wenyewe. Usinitajie tena darasa."

Muuza nazi wa meza ya jirani akadakia, "Selina, umeshawachujia watoto maji?" Wateja wakacheka. Selina akatazama chini, akaendelea kufunga pilipili. Paskalina alitaka kusema ukweli, lakini akageuka na kwenda zake.

Kiwandani alikuta vita vimeanza. Mwalimu Theopista alikuwa amesimama katikati ya chumba, rundo la karatasi likiwa mezani.

"Mnawadharau watu wangu!" alikuwa akifoka. "Mistari imelaliana, jicho halina pa kupita! Miezi sita nimewabembeleza waje, na siku moja mmenifukuzia nusu ya darasa!"

Bwana Indravadan, aliyezaliwa mtaa ule ule na aliyejua kutukana kwa Kiswahili kuliko wengi, alimgeukia Augustino. Augustino, aliyerejea kazini siku hiyo angali dhaifu, aliishika karatasi akaitazama, na uso wake ukabadilika.

"Vipande vimetolewa," alisema. "Binti yangu aliviweka vyote. Kuna mtu amevitoa ili anichafulie jina." Wala hakuhitaji kumtaja mtu huyo.

"Mimi?" Uwesu aliacha mashine. "Msichana wako kaniletea hivyo hivyo! Nikamuuliza mbona patupu, akasema baba ndivyo alivyotaka!"

Wote walimgeukia Paskalina. Baba yake alisema kwa utulivu, "Binti yangu hasemi uongo. Paskalina, ulisema maneno hayo?"

Aliuona uso wa baba yake, wenye imani naye kabisa. Aliuona na wa Uwesu, uliojaa chuki kama siku zote.

"Sikusema," alijibu.

"Mmemsikia!" Augustino alisema.

Bwana Indravadan alichoka na ugomvi wa watu wawili hawa. "Uwesu, kesho Jumamosi maliza kazi uliyonayo. Jumatatu usije."

Uwesu alichukua kitambaa chake. Alimtazama Paskalina tu, kisha akarudi kwenye mashine yake na kuifuta kwa kitambaa, pole pole, sehemu moja baada ya nyingine.

Usiku ule Paskalina hakupata ule usingizi wake mzuri. Na kesho yake mambo yalizidi. Augustino alikuwa amemsimulia mkewe, na Selina hakuwa mtu wa kumeza jambo. Jumamosi saa nne asubuhi aliingia kiwandani na ungo wa ndimu ungali kichwani, Paskalina akimfuata nyuma.

"Uko wapi wewe mwanamume!" Selina alifoka mbele ya wateja wawili waliokuja kuchukua risiti zao. "Una ugomvi na mume wangu, mpige mume wangu! Mimi nimekukosea nini? Soko zima linanicheka kwa ajili yako! Mtu mzima, una watoto, roho mbaya kama nini! Ndiyo maana unafukuzwa, na ufukuzwe!"

Wateja walikuwa wamesimama wakisikiliza. Uwesu alikuwa anakunja aproni yake na kuitia kwenye kikapu. Kwa mara ya kwanza Paskalina aliona kwamba mtu huyu hakuwa na mtu hata mmoja upande wake mle ndani, na kwamba hivyo ndivyo yeye Paskalina alivyotaka iwe.

"Mama, acha!" alisema. "Si yeye."

"Nyamaza wewe."

"Mama, ni mimi! Ni mimi sikuviweka!"

Mashine ilikuwa imezimwa, kwa hiyo kila mtu alisikia. Paskalina alilia huku akisema yote: mchezo wa rede, vile vipande vitatu alivyovitoa, jibu alilompa Uwesu, uongo wa kwanza kwa baba na wa pili mbele ya wote. Alipomaliza, Selina alikuwa ameuteremsha ungo na kuukalisha sakafuni, na ndimu mbili tatu zilibiringika chini ya meza bila mtu kuziokota.

Augustino ndiye aliyeumia kuliko wote. Alikwenda mpaka alipokuwa Uwesu. "Bwana Uwesu," alisema kwa taabu, "nimekusingizia. Nakuomba radhi."

"Ombi lako nimelisikia," Uwesu alijibu. "Kukubali ni shauri langu." Lakini aliitoa aproni kikapuni akaivaa, na Bwana Indravadan akajifanya hakuona.

Basi karatasi ilitakiwa ichapwe upya, na hapo ugomvi mwingine ukazuka. Augustino alisema kipande kimoja kinatosha, ndivyo anavyopanga siku zote. Mwalimu Theopista, aliyeitwa, alitaka vitatu. Bwana Indravadan alisema kwa vitatu maneno yatafurika mpaka karatasi ya pili.

"Mnabishana nini, nyinyi nyote mnajua kusoma!" Selina aliwakata. "Waulizeni wasiojua."

Ikawa hivyo, na mwalimu akawaita wanafunzi wake waje Jumatatu bila kungoja Alhamisi. Siku hiyo Paskalina alipanga maneno yale yale kwa namna nne: bila kipande, kwa kimoja, kwa viwili, na kwa vitatu. Herufi zilipomwagika aliziokota. Uwesu alisimama nyuma yake muda wote bila kumsaidia hata kwa neno, kisha akachapa karatasi chache za kila namna. Saa kumi na nusu walizipeleka darasani wote watatu, baba, binti na Uwesu aliyebeba karatasi zenye wino mbichi. Lakini kabla ya kusoma, Paskalina alisimama mbele ya watu wale wazima, akawaambia nani aliyeharibu karatasi ya kwanza.

"Kumbe!" Eliakimu aliguna. "Na mimi nikawa namcheka mwenzangu."

Hakuna aliyecheka sasa. Selina alikubali kuja kwa shingo upande, akaketi na kuweka kidole. Karatasi yenye kipande kimoja ilimfikisha katikati, kisha akausoma mstari mmoja mara mbili. Eliakimu alikwama pale pale. Augustino alikuwa akikitazama kile kidole, na jinsi kilivyosita kila kiliporudi kushoto.

Karatasi ya viwili Selina aliisoma pole pole, na kila mstari ulipokwisha, kidole kilirudi kwenye njia nyeupe iliyokuwa wazi chini yake na kutua mahali pake. "Mwogeshe mtoto kwa maji ya uvuguvugu, mfute, kisha... mvalishe nguo safi. Maji ya kunywa yachemshe, yapoe... yachuje kwa kitambaa, uyatie mtungini na kufunika." Alinyanyua kichwa. "Eliakimu, sasa utakunywa?"

"Nitakunywa, dada," Eliakimu alijibu kwa aibu.

Waliijaribu na ya vitatu. Hapo Selina alisimama kila mwisho wa mstari. "Huu wa chini mbona uko mbali hivi?" aliuliza. "Nilidhani ni habari nyingine." Wengi waliafiki, na ya vitatu ikawekwa kando. Darasa likachagua viwili.

Njiani kurudi, Augustino alitangulia na binti yake. "Miaka kumi na minne ninapanga kimoja," alisema, "kwa sababu mimi mwenyewe naona vizuri. Sikuwahi kumtazama mtu anayesoma kwa shida. Hilo ni kosa langu. Lako ni jingine, Paskalina. Ulidhani kazi isiyoonekana si kazi, ukaiacha. Halafu ukadhani uongo usioonekana si uongo. Yote mawili yaliangukia watu wasio na hatia, mmoja ni mama yako. Kazi uliyopewa imalize hata sehemu ambayo hakuna atakayeiona, na ukikosea, sema siku ile ile. Ukichelewa, mwenzako ndiye anayelipa."

"Nimesikia, baba."

Karatasi mpya zilichapwa Jumanne. Jioni Paskalina alikusanya zile za majaribio azihifadhi, akakuta za vitatu zimepungua moja. Aliiona aliposogeza kopo la wino. Ilikuwa imekunjwa na kufichwa nyuma ya mashine, na chini ya mstari wa kwanza palikuwa na alama za dole lenye wino, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyepita akitafuta njia. Zilifika mstari wa pili, zikafika wa tatu, na hapo zikakoma.

Ndipo alipokumbuka lile swali: una hakika? Kwa swali lile Uwesu hakuwa akimchokoza. Mtu huyu alichapa maneno mchana kutwa na hakuweza kuyasoma ila kwa kupapasa, hivyo alilazimika kuliamini neno la mtoto aliyemjibu jeuri.

Siku iliyofuata alifika kiwandani mapema. Alipanga mistari mitano mifupi, akaweka vipande vitatu vitatu, akahesabu mara mbili, akapaka wino na kugandamiza karatasi kwa mkono. Kisha akaiweka juu ya mashine.

"Nini hii?" Uwesu aliuliza kwa ukali.

"Ni yako, Bwana Uwesu. Nimeweka vitatu."

Uso wa Uwesu ulikunjamana zaidi. "Nani kakwambia mimi sijui kusoma?"

"Hakuna. Niliona alama za dole." Paskalina alishusha sauti. "Sijamwambia mtu, wala sitamwambia."

Uwesu aliichukua karatasi. Mtaani mchuuzi alipita akinadi karanga.

"Usidhani nimekusamehe," alisema.

"Najua."

"Basi nenda kwenye visanduku vyako. Usinitazame."

Paskalina alikwenda akampa mgongo, akaanza kurudisha herufi mahali pake, moja moja. Nyuma yake mashine ilikaa kimya. Baada ya muda akasikia sauti nzito, ya chini kabisa, ikisoma neno kwa neno, ikafika mwisho wa mstari wa kwanza, ikapumua, na kushuka kwenye wa pili bila kupotea.